Macho Mekundu ya Mama Masanja

Ninaandika haya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeishia chini kidogo ya kiwiko, na asije mtu akanihurumia kwa ajili ya mwandiko, maana mkono wa kulia ulipokuwapo haukujua hata herufi moja. Ulijua kupalilia pamba, kusonga ugali na kukamua ng'ombe. Kusoma na kuandika nilijifunza Kambarage, hapa mjini Shinyanga, kwenye darasa la elimu ya watu wazima, nikiwa nimeshapita miaka hamsini. Siku ya kwanza mwalimu alituambia tushike kalamu kwa mkono wa kulia, darasa zima likanigeukia. Nikasema, "Ninyi endeleeni, wangu niliusahau jikoni." Wengine walicheka, wengine wakatazama chini. Leo nataka kueleza ulibakije huko jikoni, na ni nani aliyeutaka.

Jina langu ni Minza. Nilizaa watoto watano, wanne nikawazika wakiwa wadogo, akabaki Masanja. Tangu alipozaliwa hakuna aliyeniita Minza tena. Nilikuwa Mama Masanja kwa mume wangu, kwa majirani, hata kwa karani wa pamba. Nililipenda jina hilo. Nikiitwa toka mbali niliitika kabla sijajua anayeita ni nani.

Mume wangu, Shija, alikuwa mtu wa maneno machache. Hakuwahi kunipiga. Nalisema hili kwa sababu kisimani nilikuwa peke yangu wa kulisema, na wenzangu hawakuniamini, walidhani naficha aibu yangu. Alikufa kwa kifua muda mfupi kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa. Zamani kila mji ulikuwa mbali na mwenzake, ukitaka kumwona jirani unatembea. Kijijini tulipangwa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Maji yalisogea karibu, shule ikawa karibu, nami nilifurahi. Sikuwaza kwamba sasa nitatazamwa toka asubuhi mpaka jioni.

Niseme kidogo kuhusu moto wetu, maana mambo yote yalianzia hapo. Kwetu miti ilikwisha zamani. Mingine ilikatwa ili mbung'o wakose pa kukaa, mingine ikamalizwa na mashamba ya pamba. Mwanamke akitaka kuni atatoka alfajiri na kurudi adhuhuri na kifurushi cha vijiti. Kwa hiyo tulipikia samadi. Unaokota mavi ya ng'ombe yakiwa mabichi, unayapigapiga yawe mapana, unayaanika, yakikauka unayawasha. Yanawaka vizuri, ila moshi wake ni mzito na mchungu, na jiko la tope halina dirisha. Nilianza kuuvuta moshi huo nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Macho ya mama yangu yalikuwa mekundu, ya bibi yangu vilevile. Tulijua ndivyo macho ya mwanamke mtu mzima yanavyokuwa.

Yangu yalianza kwa kuwasha. Kisha nikawa naamka asubuhi kope zimegandana kwa usaha, nazilowanisha kwa mate ndipo zifunguke. Baadaye kope zikaanza kugeukia ndani. Kila nikipepesa ni kama nimetiwa mchanga. Nilichovya vidole kwenye majivu ili visiteleze, nikazing'oa kope moja moja, zikaota tena, na zikiota zinakuwa ngumu kuliko za kwanza. Machozi yalitiririka hata nikicheka. Nzi walinipenda kuliko mtu yeyote kijijini.

Mkwe wangu Ng'washi, mke wa Masanja, alikuwa ananyonyesha wakati huo. Nilikuwa nalala mapajani pake, ananikamulia maziwa yake machoni, ya uvuguvugu, yananituliza. Mtoto aliyekuwa akinyonya ni Kabula, mjukuu wangu. Alipoachishwa ziwa alihamia kwangu kabisa, analala kwangu, anashinda jikoni kwangu ndani ya moshi uleule.

Masanja hakupenda jembe. Alisikia watu wanachimba dhahabu porini upande wa Geita, akauza ng'ombe wawili wa marehemu baba yake, akaenda. Alikaa huko misimu miwili. Alirudi na kikohozi, na kichupa cha dawa ya sindano, ambamo wachimbaji walitunza dhahabu yao. Kichupa kilikuwa kitupu. Alisema wenzake wa shimo moja walipata, yeye akatoa mawe matupu, na walikuwa wakichimba bega kwa bega. Huko machimboni mtu wa namna hiyo huambiwa ana mkosi, na kwamba mkosi hautoki shimoni, unatoka nyumbani kwake.

Mwaka huohuo surua ilipita kijijini. Jirani yangu wa mbele, Holo, alifiwa na mtoto wake wa miaka mitatu, ambaye alizoea kuja kula kwangu. Msibani nilikaa kwenye mkeka na wenzangu, wanawake wawili wakainuka wakahamia mkeka mwingine. Nikadhani jua limewafikia.

Baada ya hapo nikaanza kuona. Nikipita njiani kina mama wanawafunika watoto, wengine wananitemea mate kisogoni. Nikipeleka mboga kwa jirani inapokelewa kwa asante, kesho yake naikuta imemwagwa nyuma ya nyumba. Kisukuma tuna neno, nogi, yaani mchawi, na neno hilo halisemwi mbele ya mwenyewe. Mtoto mmoja ndiye aliyenitamkia. Aliniuliza, "Bibi, ni kweli macho yako ni mekundu kwa sababu hulali, unawanga?" Mama yake alimvuta sikio. Sikumsikia akimwambia kwamba si kweli. Ng'washi naye akamwondoa Kabula kulala kwangu, akasema nyumba yangu ina kunguni.

Siku moja Masanja alikuja akaniomba kifaranga. "Nakwenda kwa mganga, mama, akaniangalie." Kwetu mganga humpasua kifaranga na kusoma matumbo yake, na anayetaka kuangaliwa humtemea mate kwanza. Sikuona ubaya, hata baba yake aliwahi kwenda. Nilimchagulia aliye mzima kuliko wote, asije mganga akasoma ugonjwa wa kuku akadhani ni wa mtu. Nilimfunga miguu kwa uzi niliouchomoa kwenye khanga yangu. Kifaranga yule alipopasuliwa, mganga alisema nyota ya Masanja imefunikwa na mtu wa damu yake mwenye macho mekundu. Maneno hayo niliyasikia baadaye, mahakamani.

Ilikuwa msimu wa kuvuna pamba. Asubuhi ile Masanja alinisalimia vizuri kuliko kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Leo utakuwepo nyumbani?"

"Niende wapi mimi?"

Akasema anapeleka ng'ombe malishoni. Akamwita mbwa wetu, Simba, akamfunga kamba, akaondoka naye. Simba hakuwa mbwa wa malisho. Alikuwa mzee kama mimi, kazi yake ilikuwa kulala mlangoni na kumbwekea kila asiyemjua. Ng'washi alikuwa amemchukua Kabula tangu jana yake, wameenda kwao. Nilibaki peke yangu nikichambua pamba, na kwenye saa kumi nikaingia jikoni kuwasha moto.

Nikasikia hodi. Nikasema karibuni. Waliingia vijana wawili, na kwa moshi ule na macho yangu yale niliona miili tu.

"Shikamoo, bibi." Waliniamkia wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Mmetoka mbali?"

"Mbali kidogo."

Niliwachotea maji. Mmoja alikunywa, akampa mwenzake, na huyo mwenzake akanirudishia kata kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Nilipoinama kuiweka juu ya mtungi, nikakatwa.

Panga la kwanza lilipita juu ya sikio likashuka mpaka shavuni. Sikupata maumivu, nilisikia sauti tu, kama mtu anapasua muhogo mbichi. Nikainua mkono wa kulia kujikinga. La pili likaupata mkono, la tatu likapiga palepale, mkono ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Nikaangukia motoni kwa ubavu. Samadi inayowaka inanata mwilini, haidondoki kama kaa la kuni. Nilisikia nyama yangu ikiungua, na harufu yake nikaijua. Nikajilazimisha nisitikisike.

"Amekwisha?" aliuliza mmoja.

"Macho yamefumba. Twende."

Ningeyafumbua wangenimalizia. Walipotoka, mmoja wao aliurudishia mlango wa jiko ili kuku wasiingie.

Aliyeufungua ni Holo. Alikuwa amewaona wageni wawili wakitoka kwangu bila haraka, mmoja anafuta panga kwa majani, na hakumsikia Simba akibweka. Alinivuta motoni, akavua khanga yake, akaufunga mkono wangu juu ya jeraha, akakanyaga fundo kwa mguu ili likaze. Alibaki na shimizi mbele ya kijiji kizima. Wanaume walikuja wakasimama nje. Balozi wa nyumba kumi akasema nisiguswe mpaka polisi wafike. Mtu mwingine akasema, kwa sauti niisikie, kwamba anayekufa kwa sababu ya kuwamaliza watoto wa watu asisumbuliwe.

Holo akatoka mlangoni na shimizi lake lenye damu. "Mtoto aliyekufa ni wangu au ni wenu? Alikufa kwa surua, nilimwona kwa macho yangu! Leteni mkokoteni!"

Kama si huyu mwanamke, msingesoma haya. Walikuwa tayari kuniacha nife kwa jina la mtoto wake, na yeye ndiye aliyenipeleka hospitali.

Mkokoteni wa ng'ombe ulinifikisha barabarani. Hapo likapita lori lililobeba pamba. Dereva alishuka, akanitazama, akamwambia Holo, "Damu itaingia kwenye pamba. Pamba safi itahesabiwa fifi, nitamwambia nini karani?" Safi ni daraja la kwanza, fifi ni la pili. Nilisikia yote, nimelala mavumbini nikingoja waafikiane. Holo alipanda juu ya pamba akanilaza mapajani pake, damu ikamwingia yeye.

Daktari alisema, "Mama, mkono huu hauungiki." Nikamwambia, "Kata." Wakakata, wakanishona kichwa na shavu. Siku ya nne jeraha likaanza kunuka, usaha wa kijani ukalowesha bandeji, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanigeuzia mgongo. Ikabidi nikatwe tena, juu zaidi, mpaka hapa palipo sasa. Ubavu ulioungua uliganda na shuka, na kila asubuhi shuka likitolewa linatoka na ngozi. Nililia kama mtoto. Nikamtukana nesi, nikamtukana Mungu, nikawatukana hata wanaoniombea. Vidole ambavyo havipo vilikuwa vinawasha, na nilipotaka kuvikuna naambulia hewa.

Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala mwanamke wa Burundi, mke wa dereva wa malori, ambaye wasamaria walimwokota kule Isaka akiwa amebabuka uso na kifua. Mumewe alimmwagia uji wa moto. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na changu kilikuwa nusu Kisukuma, lakini tulielewana. Alinionyesha kifua, nikamwonyesha mkono.

"Mume?" aliniuliza.

"Sijui," nikasema.

Nilikuwa najua. Nilijua tangu nilipolala pale chini nikisikiliza mbwa habweki. Lakini mtu anaweza kujua jambo na kulikalia kama kuku anavyokalia mayai, na mimi nililikalia. Askari alipokuja na daftari lake akaniuliza ni nani, nilimwambia jikoni kulikuwa na moshi, sikuona mtu. Akafunga daftari. Nadhani alishazoea.

Msimamizi wa wodi alikuwa Sista Mzungu, mwanamke mzee mwenye miguu iliyovimba. Alikuwa akinisafisha ubavu huku anaongea ili nisahau maumivu. Siku moja aliniambia kwamba kwao Ulaya, zamani sana, wanawake kama mimi walichomwa moto hadharani, watu wakitazama. "Siku hizi hawachomwi," akasema. "Wanapigwa nyumbani, mlango umefungwa. Dada yangu alipigwa hivyo mpaka sikio likafa." Nikamwuliza kama dada yake alikuwa na macho mekundu. Akasema hapana, kwao sababu ni nyingine. Nilishangaa sana. Mpaka siku ile nilidhani aibu hii ni yetu sisi watu wa pamba na ng'ombe peke yetu.

Wiki ya tatu daktari mwingine alipita, akanifunua kope kwa kidole gumba. "Haya macho yana muda gani?" Nikamwambia, tangu zamani, ni ya moshi na uzee. Akasema, "Moshi unayachochea, lakini huu ni ugonjwa. Ni vikope. Nzi wanaueneza, taulo na khanga za kufutia uso zinaueneza, na watoto wanaambukizana na mama zao. Kope zilizogeuka tutazinyoosha, kazi ndogo tu. Mengine ni dawa hii." Akanionyesha tyubu ndogo yenye dawa ya njano, inayotosha kiganjani. "Asubuhi na jioni, wiki sita."

Niliitazama ile tyubu. Nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha, mpaka nyuzi za shavuni zikafumuka na damu ikaingia mdomoni. Walidhani nimerukwa na akili. Mkono, shavu, ubavu, miaka ya kunitemea mate, na dawa yake ilikuwa sandukuni zahanati, wanapaka watoto wa shule.

Walinipasua kope, wakanipaka. Mwanzo niliona ukungu. Baadaye nikaona nyuzi za chandarua, kisha nikamwona nzi juu ya dari. Siku moja nesi alinipa kioo. Uso umeshonwa kama gunia, lakini macho ni meupe. Sikuwahi kujiona na macho meupe tangu nilipokuwa msichana.

Masanja alikuja kunitazama mwezi wa pili wa kulazwa kwangu. Alileta maziwa ya mgando na ndizi. "Shikamoo, mama." Nikaitikia. Sikuwa na neno jingine mdomoni, kuitikia kulikuja kwenyewe.

Nikamwuliza, "Siku ile Simba alikuwa wapi?"

"Nilikwenda naye malishoni."

"Simba hajawahi kwenda malishoni."

Alikuwa ananitazama usoni, akasogea, akainama karibu kabisa, na uso wake ukafunguka kwa furaha kama alipokuwa mdogo akiona nimerudi toka sokoni. Akasema, "Mama! Macho yako yametakata!" Akanishika bega. "Mganga alisema kweli. Alisema damu ile ikitoka, macho yatatakata. Wale walipita kiasi, niliwaambia wakutoe damu tu, lakini mama, umepona!"

Wewe unayesoma, sikutunga. Mwanangu alikaa kitandani kwangu akanipa hongera. Kama walikubaliana damu tu au roho yangu, sijui hadi leo, na wale vijana hawakupatikana wakaulizwa. Nilimchukia. Nilimchukia mpaka tumbo likaniuma mahali alipokuwa amelala miezi tisa, na wakati huohuo niliona jasho kwenye paji lake nikataka kulifuta, nikainua mkono ambao haupo.

Pengine ningenyamaza. Nasema ukweli, pengine ningeubeba moyoni nikafa nao, ndivyo tulivyofundwa. Lakini wakati anaaga, Masanja alisema, "Kabula naye macho yameanza, yanatoa usaha. Tukishauza pamba nitampeleka kwa mganga yuleyule."

Kabula alikuwa na miaka sita.

Nilimwambia, "Haya, baba, nenda salama." Alipotoka mlangoni nikamwita Sista. Nikamwambia aniitie yule askari wa daftari, na aje leo.

Askari aliandika, akasimama, akaniuliza, "Mama, ni mtoto wako wa kumzaa?" Nikamwambia andika. Akauliza tena, kwamba labda nina homa. Nikamwambia andika Masanja, mwana wa Shija na wa Minza, na kama hujui kuliandika nitafute mwingine. Tangu siku hiyo niliapa nitajifunza kuandika mwenyewe.

Mahakamani Masanja hakukataa. Alieleza habari za mkosi, za kifaranga, za wale vijana aliowafahamu machimboni. Kisha akaninyooshea kidole. "Mtazameni macho yake. Alikuwa haoni hata sindano, sasa anaona. Mimi nilimponya mama yangu." Nyuma yangu nilisikia watu wakiguna, na mguno ule ulikuwa wa kumkubalia. Hakimu akagonga meza. Masanja alipelekwa gerezani. Mganga naye hakuguswa, alisema yeye alisoma kuku tu, hakumtaja mtu.

Nilitoka hospitalini nikaenda moja kwa moja na Holo mpaka kwa wazazi wa Ng'washi. Ng'washi alinipigia magoti akalia. "Mama, mimi niliambiwa nimwondoe mtoto, sikuambiwa kwa nini." Nikamwuliza, "Na wewe hukuuliza?" Hakuniuliza nilichokuja kufanya, alinitolea Kabula mwenyewe. Mtoto aliogopa kisiki cha mkono wangu, akajificha nyuma ya mama yake, kope zimeganda, nzi wametanda. Nilimpaka dawa kwa mkono wa kushoto, nikimbana kichwa katikati ya magoti, na siku za kwanza nilimpaka mpaka masikioni kwa kutojua kulenga. Asubuhi na jioni, wiki sita. Nilihesabu siku kwa mafundo kwenye kamba.

Kijijini nilirudi mara moja tu, kuchukua vitu vyangu. Watu walikuja kunilaki, hata wale wa mkeka. Walinitazama machoni wakafurahi, wakaniletea karanga. Mmoja akaniambia, "Afadhali, Mama Masanja, limekutoka." Walinikumbatia kwa kuwa panga lao limefanya kazi. Kutemewa mate niliweza kukuvumilia. Siku ile ya kukumbatiwa niliondoka bila kuaga, nikaja Kambarage kupanga chumba, nauza karanga na vitumbua, naishi na Kabula, ambaye mama yake aliniachia.

Namshukuru Mungu, ingawa nilimtukana na sijaomba radhi yote. Namshukuru Holo kwa khanga yake. Namshukuru daktari aliyenifunua kope, na Sista wa miguu iliyovimba, na yule mama wa Burundi aliyenifundisha kufunga khanga kwa meno. Masanja sijamsamehe. Watu wa kanisani huniuliza kila mwaka, na kila mwaka nawajibu hivyohivyo. Kila anayeniita Mama Masanja namsahihisha, niite Minza, au Bibi Kabula.

Miaka ilipita. Kabula akawa msichana wa sekondari. Siku moja viongozi wa akina mama walinialika kwenye mkutano hapa mjini, wamekuja wageni wa nchi mbalimbali kusema juu ya mateso ya wanawake. Alisimama mwanamke wa India, akasema ndugu yake aliolewa, mahari aliyokwenda nayo, maana kwao bibi harusi ndiye anayeitoa, ikaonekana ndogo, wakwe wakammwagia mafuta ya taa wakamwasha. Alisimama Mzungu mrefu, meno yake ya mbele ya bandia, mumewe mwalimu alimvunja ya kwake kwa sababu chakula kimepoa. Binti mmoja alikuwa anatufasiria. Nilikaa nikisikiliza, nikaona kila nchi ina macho yake mekundu, inayaita jina lingine.

Zamu yangu nilieleza kama nilivyoeleza hapa. Nikawaambia, mkimwona mama yenu macho yamekuwa mekundu, tazameni kwanza anapikia nini na anafutia uso kitambaa gani, kisha mpelekeni zahanati. Nilipokaa, mama mmoja mwenyeji alinyoosha mkono. Amevaa saa, ana mkoba, mke wa mkubwa fulani. Akasema kwa adabu, "Tunakupa pole sana, Bibi. Lakini hebu tuseme ukweli. Kabla ya siku ile macho yalikuwa mekundu, na baada ya siku ile ni meupe. Huoni kwamba pengine kulikuwa na kitu?"

Nakiri, nilichoka ghafla mwili mzima.

Kabula ndiye aliyesimama. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Akaenda mpaka mbele ya yule mama, akajivuta kope za chini kwa vidole viwili, akainama amwonyeshe. "Nitazame, mama. Yangu yalikuwa kama ya bibi. Mimi sikukatwa na mtu."

Yule mama alimtazama jicho la kwanza, halafu la pili. Mkoba ulimteleza mapajani, hakuuokota. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo binti mfasiri hakuisikia, "Dawa hiyo inapatikana wapi? Mama yangu yuko Bukombe."

"Zahanati yoyote," nikamwambia. "Macho yake yameanza lini?"

"Tangu masika. Na mwezi uliopita mtoto wa jirani amekufa."

Hakungoja chakula. Tulimwona kupitia dirisha akikimbia kuelekea stendi, viatu mkononi.